Podo la Buti la Baba

Tangu baba afariki, nyumbani kwetu Kitanga hatujala kanga. Kwa kumkumbuka nikakata buti lake la mvua, nikalishona likawa podo, nikatia mishale yake na kulivaa mgongoni. "Mama, leo usichume mboga," nikasema, nikaondoka kifua mbele kama yeye.

Kanga walikuwa shambani wakifukua karanga zetu. Nikashika upinde, nikapeleka mkono begani. Podo tupu. Kila nilipoinama kupita vichakani, mishale ilikuwa ikidondoka.

Nikageuka. Mama alikuwa nyuma yangu, ameikumbatia yote mitano.

"Hata baba yako ilikuwa inamdondoka," akasema, akilipapasa lile buti. "Miaka yote nilimfuata nyuma nikiokota. Haya, tangulia."