Pete Iliyobonyea Upande Mmoja

Mimi ni mhunzi. Shule niliiacha darasa la pili, na mtu akiniletea chuma huwa naamini chuma kwanza, mtu baadaye. Nilikuwa na kibanda pale Garsen, nafua majembe ya wakulima wenzangu wa Hewani na kengele za ng'ombe za wafugaji Waorma. Mworma hachezi na kengele. Mmoja alinirudishia yake mara tatu, ati inalia kama kikombe. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Habari yenyewe ni moyo wa mke wangu. Mwaka uliofuata yale mafuriko yaliyokula barabara, akawa hawezi kupiga jembe mara kumi bila kuketi chini. Daktari wa moyo, mwanamke kijana wa kutoka bara, alikuja kliniki akatwambia mlango mmoja ndani ya moyo haufungi, damu inarudi nyuma. Ilibidi ashonewe pete ya madini kuzunguka mlango ule, huko Nairobi. Bila hivyo mwaka hautaisha naye. Mke wangu akatia kidole gumba papo hapo kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa. Karatasi ikabaki inaningoja mimi.

Nikaomba niione pete. Daktari akanipa ya mfano, tupu, bila kitambaa cha kushonea. Haikuwa duara! Upande mmoja umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na punda.

"Hii imeharibika," nikasema.

"La, mzee. Kiwandani wanaikunja hivyo makusudi kwenye kalibu, halafu wanaipitisha motoni ikae na umbo hilo."

Kimoyomoyo nikasema, kumbe ndiyo hayo. Zilizokataliwa Ulaya zinaletwa kwetu. Nikamwomba aniachie mpaka kliniki ijayo, akakubali.

Kibandani niliijaribu kwa sumaku niliyotoa kwenye spika ya redio mbovu. Haikushika. Nyepesi mno, tena. Chuma gani hicho? Basi nikaona nimsaidie mke wangu: nikaibana, nikaigonga. Ilirudia umbo lake mara mbili tatu kabla ya kutii, ikawa duara safi.

Mke wangu alipoiona akashika kichwa. "Baba, umeniharibia pete yangu!"

"Nimeitengeneza."

"Nani alikutuma?"

Nikataka kumwonyesha nani mjinga. Nikaenda kwa Mworma muuza nyama, nikataka moyo wa kondoo dume.

"Moyo moja ya nini, mzee? Mama amekataa na yake?" Wateja wakacheka. Nikalipa, nikaondoka.

Nyumbani nikaukata kwa juu, nikauona mlango wenyewe, midomo miwili ya ngozi nyembamba. Nikaushonea pete yangu kwa uzi wa kuvulia samaki, nikamimina maji chumba cha chini ili midomo ijifunge. Maji yakapanda yakamwagika katikati. Midomo ilikuwa imevutwa, haikutani. Nikamimina tena. Yakamwagika tena, mke wangu ananitazama.

Nikaifungua, nikaibonyeza upande mmoja kama nilivyoikuta, nikaishona upya. Mlango wenyewe, nikauangalia vizuri, nao una ubapa upande huohuo. Safari hii midomo ikakutana, maji yakasimama.

Kliniki iliyofuata nikarudisha pete yenye alama za nyundo. Daktari akaigeuzageuza. "Mzee, umeifanya nini?" Nikamweleza yote. Hakucheka. Akanisukumia karatasi na wino, nikatia kidole.

Hata hivyo, Nairobi asubuhi ya upasuaji nilimzuia daktari mlangoni, nikataka kuona pete itakayotumika. Ilikuwa ndani ya pakiti, haiguswi na mikono mitupu. Nikaitazama kwenye plastiki mpaka nikauona ubapa. Mke wangu akanena kutoka kitanda cha magurudumu, "Mwondoeni huyo, atataka kuipeleka Garsen."

Mchana daktari akatoka, kofia bado kichwani.

"Mlango unafunga, mzee. Yuko salama."

"Umeona kwa macho yako, au umeambiwa?"

"Kwa macho yangu."

Nikamwuliza mara ya pili, ndipo nikaketi.