Baba mkwe alivyochoma tezi yake kama ya ng'ombe, kisha akanituma maji

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na mwenyewe ameniruhusu niyaandike mradi nisimtaje jina. Asiyeamini aendelee na nyuzi za mpira.

Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminium hapa Dodoma mjini. Baba mkwe wangu ni mfugaji, yuko Chemba, ndani ndani kabisa. Haongei sana, na akishasema amesema.

Alivimba tezi shingoni, chini ya sikio. Ilikuwa haiumi.

Kwa wasiofuga: ng'ombe akishikwa na ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, tezi za chini ya sikio huvimba. Wafugaji wengi bado wanazichoma kwa chuma cha moto. Wataalamu wa mifugo wamekataza mpaka wamechoka.

Mzee akajitibu kifugaji. Akamwita mwanawe mkubwa, shemeji yangu, akamwambia, "Nichome hapa." Shemeji akasita. Mzee akamuuliza, "Kwani kazi umeisahau?"

Akachomwa.

Niliposimuliwa kwenye simu nilicheka. Nilipokiona kidonda niliacha.

Baadaye zikaja homa, jasho la kulowesha shuka, mwili ukakonda mpaka mkanda ukatobolewa tundu jipya. Tezi nyingine zikachomoza palepale pembeni ya kovu. Mke wangu ndiyo alikuwa ametoka kujifungua, shemeji yuko na mifugo, kwa hiyo jukumu la kumpeleka hospitali likaniangukia mimi.

Wenye wakwe mnanielewa. Mimi na mzee hatujawahi kula sahani moja. Akiingia mahali nasimama, nikiingia anajifunika vizuri. Heshima zote hizo tukaingia nazo kwa daktari.

Daktari akakata kipande cha tezi ya shingoni kikapimwe. Jibu likarudi halieleweki: makovu na uvimbe wa kidonda tu. Moto ulikuwa umeharibu eneo lote.

"Mzee," daktari akasema, "nahitaji tezi ambayo haijaguswa na chuma. Kuna uvimbe mwingine mahali popote?"

"Hakuna."

"Kwapani?"

"Hakuna."

"Kwenye mapaja huku juu?"

Mzee akashika mkanda wake. "Huko kuzima."

Daktari akamwomba apande kitandani amkague. Akakataa. Mimi nimekaa kwenye kiti pale pembeni, mkwe mwema, nashika bahasha ya vipimo. Nikaanza hata kumbembeleza apande. Wakuu, mimi ndiye nilikuwa tatizo humo ndani na nilikuwa sijui.

Mzee akanigeukia: "Mkwe, kaninunulie maji."

Chupa ya maji ilikuwa mkononi mwake, imejaa. Nikamwambia, baba, maji si hayo hapo.

"Kaninunulie maji."

Daktari alielewa kabla yangu. "Kaka, mzee ana kiu. Nenda."

Niliporudi pazia lilikuwa limefungwa. Mzee alikuwa na mtoki mkubwa kama limau kwenye kinena, na alikuwa nao tangu kabla ya kuchomwa. Ukatolewa mzima, ukapelekwa kupimwa kwa rangi maalumu. Tukasubiri wiki kadhaa.

Jibu: limfoma. Saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Ziko za aina mbili kubwa, B na T, na yake ilikuwa ya T, ambayo huwapata wachache na ni kaidi kuliko nyingi za B. Ndiyo maana daktari hakukubali kubahatisha, kila aina ina njia yake ya kutibiwa.

Mzee akauliza swali moja tu: "Ni ndigana ya watu?"

Nikadhani daktari atacheka. Hakucheka. Akamwambia hajakosea sana kufananisha, kwa sababu kwenye ndigana pia chembe nyeupe huzaliana ovyo, ila zinachochewa na mdudu wa kupe. Hizi zake zimeharibika zenyewe, na hawezi kumwambukiza mtu. "Ila zinatembea mwili mzima, mzee. Ukichoma hapa, ziko kule. Dawa lazima ipite kwenye damu."

Hilo alilielewa vizuri kuliko mimi.

Akaanza kemo, yaani dawa za saratani, dripu kila baada ya wiki tatu pamoja na vidonge. Dawa moja ni nyekundu, na mkojo nao ukawa mwekundu. Hakuniambia mimi, bila shaka. Alimwambia nesi. Nywele zikaisha, mdomo ukawa vidonda. Tulionywa kwamba homa ikipanda, hata iwe ndogo, ni kukimbilia hospitali hapohapo maana kinga inakuwa chini. Ilitokea mara moja. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye gari na wote wawili hatujawahi kulizungumzia.

Mitoki ikayeyuka. Daktari hakutuficha, alisema ugonjwa huu una tabia ya kurudi, kwa hiyo kliniki haziishi.

Somo langu: uvimbe usiouma na usioondoka upelekwe hospitali haujaguswa na moto, wembe wala majani. Na ukimsindikiza mgonjwa, hasa mkwe, mpishe aongee na daktari peke yake, usingoje kutumwa.

Juzi tulikuwa kliniki. Hatujakaa vizuri mzee akanigeukia. "Mkwe, maji."

Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la nje, na nawaambia ukweli, niliogopa kuliko siku zote. Sikujua kama ni heshima yetu ya kawaida, au kuna mtoki mwingine.

Akatoka taratibu, kofia mkononi.

"Hamna kitu," akasema. Kisha akanitazama mikono. "Maji yako wapi?"

Sikuwa nimenunua.

Akakaa kwenye benchi, karibu yangu kuliko alivyowahi kukaa, akafungua chupa yake, akanywa, akanipa.

Mliowahi kuuguza wakwe, nawasikiliza. Ninyi mlitumwa nini?