Redio ya Mbao ya Gosbert

Mkuyuni nzima ilimjua Gosbert kwa redio isiyosema. Ilikuwa redio ya mbao, ya zile zenye taa za kioo ndani, aliyoinunua misheni ikiwa bubu. Tangu siku hiyo meza ya chakula ikawa yake. Mkewe Immaculata na watoto walikula mkekani, huku bwana mkubwa akipuliza vumbi, akilehemu nyaya na kuipaka mbao mafuta mpaka ikang'aa kuliko wanawe. Ukimuuliza, alikujibu kwamba imebaki taa moja tu. Immaculata alishachoka kumcheka. Siku hizi alimdharau kimyakimya, akiwa anakuna nazi au anafua.

Mwaka ule mama yake Immaculata, bibi Leonsia wa Kamachumu, aliugua sana. Abiria mmoja wa meli ya Bukoba ndiye aliyeleta habari. Watu wa mbali wakifiwa walijulishwa na redio ya taifa, saa ya matangazo ya vifo, basi Immaculata akawa anakwenda kusikiliza kwa jirani yake Dorotea, mwenye kiredio cha betri. Dorotea aliposafiri kwenda Nansio, Immaculata akaomba kwenda nyumba ya pili. Gosbert akafura.

"Mke wa fundi akaombe redio kwa watu? Unataka wanicheke? Yangu inasema wiki hii."

Na kweli ikasema. Jumapili aliita wageni, akavaa kaunda suti, na sukari yote waliyoipangia foleni ikaishia kwenye chai yao. Alizungusha kitufe kwa madaha kama anayefungua mkutano. Taa zikapata moto polepole, kisha muziki wa dansi ukajaa nyumba. Wageni wakapiga makofi.

"Jana niliijaribu," akajitapa, "na cha kwanza kusikika si kikawa matangazo ya vifo! Nikazima upesi. Redio ikianza na msiba, ishapata nuksi hiyo."

Wageni wakacheka. Hapo ndipo Dorotea alipoingia na kikapu chake, akitoka kwenye feri, akasimama akimshangaa Immaculata.

"Mama Jovitha, bado upo? Jamani, pole mwenzangu! Jana kule Nansio nimewasikia wakitangaza kifo cha mama. Walisema anazikwa leo. Nilijua ulishaondoka na meli ya jana usiku, nikaja kumpa pole baba Jovitha."

Immaculata akamgeukia mumewe.

"Jana ulipozima, walikuwa wametaja Kamachumu?"

Gosbert akapunguza sauti ya redio.

"Sikungoja majina."

Immaculata hakulia mbele yake. Hakumwona kuwa mtu wa kuonyeshwa machozi. Alichukua kanga na watoto, akaenda kumlilia mama yake kwa Dorotea, na msiba ukakaa huko. Majirani walipopeleka kuni na unga, walipeleka huko. Jioni Gosbert naye akaja, akavua kofia, akakaa nje pamoja na watu wengine waliokuja kutoa pole.