Mchezo Uliokosa Mdomo

Katika darasa letu mashine ni chache kuliko matako. Ndiyo maana mwalimu wetu wa kutengeneza michezo ya telefone alitangaza, kwa sauti yake ya mtu anayesoma matangazo ya misa, kwamba baada ya Pasaka mashine zitabaki kwa wale tu ambao mchezo wao umechezwa mpaka mwisho na mtu asiyejua kompyuta. Wengine watasimama nyuma na kutazama. Mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma miezi mingi. Nilitaka kiti.

Kulikuwa na sharti: wakati wa majaribio, mwenye mchezo ananyamaza. Haelekezi, haguni, hata kichwa hatikisi.

“Mchezo ukihitaji mdomo wako, bado haujawa mchezo,” mwalimu alisema. “Ao utamufwata kila muntu mpaka ku nyumba yake?”

Darasa zima lilinigeukia. Mdomo wangu unajulikana. Ulishanitoa nje ya hesabu, nje ya dini, na siku moja nje ya kwaya, ambako kazi yenyewe ni kufungua mdomo.

Mchezo wangu, niliouunda wenye viti wakienda kula, ulikuwa rahisi. Mama anatoka bombani na beseni ya maji kichwani, anapita barabara ya kwetu Ruashi. Kuna mashimo, kuna malori ya machimbo, kuna mbuzi wa jirani asiye na adabu. Unamwongoza kwa kidole. Akijikwaa, maji yanamwagika. Akifika mlangoni na maji kidogo, umeshinda. Nilijivunia sana yule mbuzi.

Wa kuucheza nilimchagua kambo, mama wa baba yangu. Telefone yake ina vibonye na imefungwa kwa mpira. Kama shahidi nilimchukua rafiki yangu wa darasani, mtoto wa wafanyabiashara wa sukari waliotoka Kivu, kwa sababu mwalimu alisema neno langu peke yake halitoshi. Sikubisha.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu, kambo na mjukuu ni watu wa kuchokozana. Tangu nilipozaliwa ananiita bwana yake, na analalamika mbele ya wageni kwamba simnunulii kikwembe cha kujifunga. Mimi namjibu kwamba nimeshapata mke mwingine kule Golf, mtaa wa matajiri, mwenye meno yote. Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Akirusha neno, unarudisha. Asiyerudisha ana kitu moyoni.

Kambo alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akashika telefone yangu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Mama wa beseni alipiga hatua chache, akaingia shimoni.

“Bwana yangu,” kambo akasema, “huyu bibi ulimutengeneza na miguu ya bata?”

Nikanyamaza. Rafiki yangu alinikazia macho.

Akaanza upya. Mbuzi akamwangusha.

“Mbuzi iko na akili kupita weye. Njo banakufundisha bile ku masomo?”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa zuri, liligusa mbuzi, masomo na meno yake. Nililimeza, likashuka vibaya.

Alirusha neno la tatu, kuhusu kichwa changu, kisha akangoja. Aliacha kutazama telefone. Akanitazama mimi.

“Unanikasirikia?”

Sikujibu.

“Unakaa sawa muntu ya ku matanga. Nilikukosea nini, tata?”

Hapo ndipo niliposhtuka. Kambo hajawahi kuniita tata. Tata ni neno la mtu unayemheshimu kwa mbali. Aliweka telefone juu ya mapaja yake, akaanza kukunja kikwembe chake apate kusimama.

“Muke wangu,” nikasema haraka, “kaa. Bata wenyewe balikataa kukupatia miguu, balisema utaiharibu.”

Alicheka mpaka akashika mbavu. Rafiki yangu hakucheka. “Umeongea,” akasema. “Mimi nitamwambia mwalimu. Pole, lakini nitamwambia.”

Na kweli alimwambia. Mwalimu alinipa majaribio mengine, ya mwisho.

Nilipokuwa napiga pasi shati la shule ndipo nilipoelewa: mwenye mchezo lazima anyamaze, lakini hakuna aliyesema mchezo wenyewe unyamaze. Nilijifungia chooni, mahali pasipo na kelele, nikarekodi majibu yangu yote. Mama akijikwaa, telefone inasema: “Muke wangu, macho uliacha Mokambo?”, yaani kule mbali mpakani. Mbuzi akishinda: “Achana naye, iko mukubwa yako.” Dada yangu aligonga mlango akauliza naongea na nani humo ndani. Nilimwambia naongea na mke wangu. Aliondoka akimwita mama.

Kambo alicheza tena. Safari hii aligombana na telefone. Ilimchokoza, akaichokoza, akasahau kama niko pale. Alifika mlangoni na maji kidogo sana, akaipiga telefone kikofi cha shavu. Mimi sikusema neno.

Lakini rafiki yangu alikuwa ameupeleka mchezo kwao pia. Mama yake, mfanyabiashara mzito anayeheshimiwa soko zima, alijikwaa kwenye shimo la kwanza akasikia sauti ya kijana ikimwita mke wangu. Aliuliza tu: “Huyu ni mutoto wa nani?” Kwa hiyo nikaongeza swali mwanzoni: *Wewe ni nani kwangu?* Unachagua kambo, mama, rafiki ao mgeni. Ukiwa mama, unaambiwa pole mama, na mbuzi anapisha.

Siku ya hukumu rafiki yangu alitoa ushahidi: “Yeye alinyamaza. Telefone njo ilisema.” Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliomba telefone, auone mwenyewe huo ujanja.

Alisoma swali, akalisoma tena. “Na mwalimu iko wapi?”

Nilikuwa nimemsahau. Nikanyamaza, kwa kuwa sharti ni sharti.

Akabonyeza kambo.

Lori la kwanza lilimkuta katikati ya barabara. “Muke wangu,” telefone ikasema mbele ya watu wote, “macho uliacha Mokambo?”

Mwalimu aliinamia kioo, akaanza upya. Akaanguka tena, akachokozwa tena. Kisha, bila kuinua uso, akasema taratibu: “Bwana yangu, hii barabara njo weye ulijenga.” Akaendelea mpaka mlangoni.

Alinirudishia telefone. “Mashine utapata,” akasema. “Lakini uongeze mwalimu.”

Nimekaa mbele ya hiyo mashine sasa, natafuta mchezo umwambie nini mwalimu aliyeanguka shimoni. Yote niliyomrekodia mpaka sasa nimeyafuta.