Mama Yako Alikuitaje Kula?

Mwanangu, iko asubuhi moja ya kiangazi ambayo haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa juu ya lori linalokwenda Mokambo, mpakani, kufuata unga wa Zambia, nimekaa juu ya magunia matupu, na pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyejifunika kitambaa mpaka kwenye nyusi. Lakini acha nianze mwanzo, maana ukinisikiliza kuanzia kwenye lori utadhani nilikuwa mtu mwema.

Nilirudi kutoka Ulaya nikiwa na miaka thelathini na moja na diploma yenye muhuri mwekundu. Utasema mzee anajisifu. Ndiyo, najisifu, na haki hiyo ninayo. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Niliuza samaki wakavu pale Mokambo, nikasoma kurasa za vitabu ambazo wenzangu walifungia karanga, nikashinda mtihani mbele ya watoto wa makarani, nikapanda ndege kwa viatu vya kuazima. Kule nilisomea lugha na ramani. Walimu wangu walikuwa wanachora ramani kubwa ya Afrika nzima, ya makabila madogo na lugha ndogo ambazo serikali hazitaki kuziona, kila lugha na rangi yake. Karatasi ya kusini mwa Katanga wakanikabidhi mimi. Nilipita katika barabara za Lubumbashi na suti ya kijivu katikati ya jua, nikisalimia watu kwa Kifaransa cha redio.

Nilipanga chumba Kampemba, katika lupango la Mama Mutombo. Alikuwa mjane, mwalimu wa shule ya msingi, amezaliwa Lubumbashi na kuzeeka Lubumbashi. Ua wake ulifagiliwa kabla jua halijatoka, na wapangaji wake tulifokewa kama darasa la kwanza.

Kazi yangu ilikuwa na ugumu mmoja. Mjini watu wote wanasema Kiswahili cha mjini, na majina hayasaidii kitu. Mutombo, Ilunga, Kasongo: utawakuta kwa Waluba wa Katanga, utawakuta kwa Waluba wa Kasai, mkoa wa jirani. Ukimuuliza mtu kabila lake anakupa jibu linalomfaa siku hiyo. Nikakaa nikafikiri, nikapata dawa, na niliiona dawa ya akili kubwa. Usimuulize mtu yeye ni nani. Muulize hivi: ulipokuwa mtoto, mama yako alikuwa anakuita kula namna gani?

Ungeona nyuso zao! Mtu mzima analegea, anatabasamu, anatazama mbali, na neno linamtoka bila kulinda mlango. Huyu anasema bukari, ugali kwa neno la huku kwetu Katanga. Huyu anasema ubwali, unajua ni Mubemba. Huyu anasema bidia, unajua nyumba yao ilitoka Kasai, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuiona Kasai.

Mtu wa kwanza kujaribiwa alikuwa Mama Mutombo. Alikuwa anapika kwenye mbabula, makaa yamekolea, mwiko mkononi.

"Bukari, weye!" akanijibu. "Unazani tulikuwa tunakula mawe?"

"Hapana, mama. Nataka neno la mama yako. Sauti yake."

Akaacha kukoroga. "Mama yangu? Ah. Alikuwa anasimama ku mulango anaita tu, 'Bidia! Bidia!' mpaka barabara yote inajua tunakula." Akacheka. Kisha akaiona kalamu yangu. "Unaandika?"

"Naandika, mama."

"Futa."

"Mama, hii ni sayansi."

"Futa, nakuambia. Jina ya bwana yangu inanificha muzuri. Ba Mutombo biko huku, ba Mutombo biko kule, hakuna mutu anajua. Weye unanivua nguo mu kikaratasi. Nani atasoma?"

"Maprofesa, mama. Wa Bulaya."

"Na kisha nani?"

Nilicheka. Ndiyo, mwanangu, nilimcheka mwalimu aliyenizidi miaka karibu thelathini, nikaingia chumbani nikaweka nukta ya manjano, rangi ya Kasai, juu ya nyumba yake.

Kisha nikawafundisha vijana wanne, kwenye ukumbi wa kanisa moja, mbali na kwangu, ili wanisaidie kuzunguka mitaa. Aliyeshika upesi kuliko wote alikuwa Kalenga, kijana wa Ruashi, mwembamba, mcheshi, mwenye meno mazuri. "Prof," aliniambia siku ya pili, "hii swali iko na sukari. Hakuna mutu anaikataa." Nilijivuna kama nimezaa.

Sasa nikuambie kitu ambacho vijana wale hawakukijua, wala Mama Mutombo, wala walimu wangu. Shuleni nilijiandikisha kuwa wa kabila la Walamba, Mulamba wa Mokambo. Haikuwa kweli. Mama yangu alikuwa Mutwa, mmoja wa Batwa wanaovua katika mabwawa ya Luapula, na mimi ni Mutwa. Wewe umekua wakati mwingine, huenda hujui neno hilo lilivyotamkwa. Watu walikataa kunywa katika kikombe tulichokunywa. Ndiyo maana, kwenye ile karatasi yangu yenye rangi zote, mahali nilipozaliwa nilipaacha peupe. Niliweka nukta juu ya kila mtu isipokuwa mama yangu.

Basi nchi ikaanza kubomoka. Mishahara ilisimama, migodi ikanyamaza, askari wakavunja maduka na wananchi wakaingia nyuma yao kubeba kilichobaki. Watu wenye njaa walitafuta wa kumlaumu, na wakubwa fulani wakawaonyesha: ni hawa waliotoka Kasai, warudi kwao. Kwao ni wapi kwa mtu aliyezaliwa Kampemba? Vijana wakaanza kuandika milango ya watu hao kwa chaki. Tulisikia habari za vituo vya gari-moshi vilivyojaa familia zinazolala juu ya masanduku, na watoto wanaozikwa kando ya reli.

Siku chaki ilipofika barabara yetu, nilichukua makaratasi yangu yote nikayachoma kwenye mbabula ya Mama Mutombo. Nilidhani nimemaliza. Sikukumbuka kwamba swali lenyewe halikuwa kwenye karatasi tena, lilikuwa ndani ya vichwa vinne.

Nikamwambia, "Mama, nitakupeleka Mokambo, uvuke mpaka. Najua njia."

"Na kama bananiuliza?"

"Sema Mutombo tu. Unyamaze."

Hivyo ndivyo tulivyopanda lile lori. Tulipokaribia kutoka mjini tukakuta kizuizi: magogo, pipa, vijana ishirini au zaidi wenye fimbo na mapanga, na harufu ya mpira unaoungua. Kadi za utambulisho hazikuaminiwa tena, kila mtu alisema zimenunuliwa. Tukateremshwa, tukapangwa mstari. Nyuma yetu alisimama baba mmoja mwenye kofia ya wafanyakazi wa reli, ameshika kibegi kifuani.

"Jina?"

"Mutombo," mama akasema.

"Mutombo ya huku ao Mutombo ya kule?"

Mama akakaza kitambaa kichwani. Mmoja akamvuta kitambaa. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua.

"Prof!" Kalenga alikuja anatabasamu, ana utepe mwekundu kwenye mkono. Akawageukia wenzake. "Bandugu, musipige kelele. Huyu njo alinifundisha. Tuna swali." Akainama kidogo mbele ya Mama Mutombo, kwa heshima, kama nilivyomwonyesha mimi mwenyewe. "Mama, mu butoto yako, mama yako alikuwa anakuita kula namna gani?"

Mwanangu, nimeogopa mara nyingi katika maisha, lakini ile hofu ilikuwa na baridi ya peke yake. Niliona uso wa Mama Mutombo ukilegea. Swali lile lilikuwa limetengenezwa vizuri mno. Niliona midomo yake inajikusanya kutamka B, na bukari inaanza na B, na bidia inaanza na B.

"Huyu ni mama yangu," nikasema. "Niulize mimi."

"Mama yako? Prof, weye uko Mulamba ya Mokambo. Ulisema."

"Nilidanganya. Sisi ni Batwa. Batwa wa mabwawani. Mutombo ni jina la bwana wa pili."

Mmoja akapasuka kicheko. "Mutwa iko na diplome! Mutwa iko na kravati!" Wakacheka wote, wakionyesha tai shingoni mwangu, wakagonganisha viganja, mmoja akatema mate karibu na kiatu changu. Kalenga hakucheka. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Basi Prof, ujibu. Mama yako alikuita kula namna gani?"

Nikafungua mdomo, na hapo nikagundua kwamba sikuwa na neno la kumpa. "Hakuniita," nikasema. "Alikuwa anagonga ukingo wa chungu na mwiko. Mara mbili, polepole. Wenye mashamba ya ng'ambo wakisikia sauti zetu walikuwa wanakuja kutunyang'anya samaki. Kwetu hakuna mama aliyeita."

Katika miaka yote ya masomo sikufikiri hata mara moja kwamba swali langu halikuwa na nafasi ya mama yangu.

Kalenga akamgeukia mjane. "Ni kweli, mama? Ulikuwa unagonga?"

Mama Mutombo alimtazama kama anavyotazama mtoto aliyechelewa darasani. "Nilikuwa nagonga, mwanangu. Lakini huyu tangu butoto yake hasikiake."

Wakacheka tena, wakatusukuma kwenye lori. "Muende, Batwa, muende!"

Nilikuwa nimeshika ubao wa lori nikipanda niliposikia Kalenga anamuuliza yule baba wa kofia, kwa sauti ileile ya upole. Na baba yule akajibu mara moja. Karibu atabasamu. Akasema neno lile la mama yake, bidia, kamili, na lori likaondoka. Sikugeuka kutazama.

Pale Mokambo, kabla hajavuka, Mama Mutombo alinishika mkono. "Ulimusikia yule baba?"

"Nilimsikia, mama."

"Na miye nilimusikia."

Akavuka, na sikumwona tena.

Baadaye niliichora karatasi ile upya. Niliandika Batwa mahali palipokuwa peupe, baada ya kwenda kuwauliza kama wanataka waandikwe, na ambao hawakutaka niliwaacha. Walimu wa Ulaya walilalamika kwamba ramani ina mashimo. Niliwaambia mashimo hayo yana wenyewe.

Mwanangu, wewe nawe unasoma, na nasikia unataka kuhesabu watu na kuwapanga, kwa mashine siku hizi. Soma, upate diploma kubwa kuliko yangu, kama utaweza. Lakini usimuulize mtu swali ambalo hujalijibu wewe mwenyewe mbele ya watu. Mtu akikuambia futa, futa wakati kalamu bado iko mkononi mwako, usingoje kuelewa. Na swali likiwa tamu, likiwafungua watu bila wao kujua, ogopa, ukae nalo siku nyingi ukiwaza ni nani atakayeuliza baada yako na atakuwa ameshika nini mkononi. Usilifundishe mpaka ujue.

Mungu wa baba zetu na wa mama zetu akulinde barabarani. Akupe masikio kabla hajakuongezea elimu. Wote unaowapenda wafike nyumbani jioni wakiwa wazima, na usiwe wewe sababu ya mtu mwingine kutofika. Amina.