Mtoto wa Rangi ya Majivu

Watu walimwita Fundi Brashi. Vibao vya vinyozi, vya maduka ya dawa, vya mafundi viatu, karibu vyote mtaani vilitoka mikononi mwake. Damu tu ndiyo iliyomshinda. Kuku akichinjwa nyumbani yeye huvuka barabara, na mkewe hakuchoka kumtania.

Mwalimu wa chuo cha wakunga alimwita ayachore upya mabango ya kufundishia uzazi. Yalikuwa ya zamani kuliko wao wote wawili, na unyevu ulishayatafuna pembeni. Brashi aliyanakili moja baada ya jingine: nyonga, mji wa mimba, kichwa kikishuka. Akafika kwenye bango la mtoto mchanga, mnono, mashavu mekundu, anatabasamu.

"Hilo usilinakili," mwalimu alisema. "Huyo hajazaliwa na mtu. Wanafunzi wangu wanamtazama mwaka mzima, halafu wakikutana na mtoto wa kweli wanaganda. Njoo wodini ujionee."

"Mama, mimi nitaanguka."

"Ukianguka tutakuruka."

Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye uchungu alikubali, mradi uso wake usichorwe. Brashi alisimamishwa upande wa kichwani, penseli mkononi. Hakuchora kitu. Alikaza macho dirishani mpaka aliposikia sauti ya mwalimu imebadilika.

Mtoto alikuwa ametoka, kitovu kimemzunguka shingoni. Mwalimu alikiondoa upesi, lakini mtoto alilegea kama nguo iliyolowa. Ngozi rangi ya majivu, midomo ya zambarau. Kimya.

Msichana mmoja, mwanafunzi wa mwalimu, alisimama na taulo mkononi, hasogei.

"Mfute! Msugue mgongo!" mwalimu alimwamuru.

Msichana akazinduka, akafuta, akasugua. Wapi! Wakamkimbiza mtoto hadi meza ya pembeni. Mwalimu akamfunika pua na mdomo kwa kibarakoa, akaanza kuminya mfuko wa hewa.

"Mbona halii?" mama aliuliza. Akamkamata Brashi shati, maana ndiye aliyekuwa karibu. "Wewe unamwona. Mbona halii?"

Brashi alitaka kudanganya, akashindwa. "Wanampa hewa, dada. Kifua kinapanda. Nakiona." Mfuko ukaminywa tena. "Kimepanda." Tena. "Kimepanda, dada." Aliogopa kunyamaza, akaogopa hata kupepesa macho, na mama akazidi kulivuta shati mpaka kifungo kikaruka.

Kisha kikasikika kilio chembamba, kama mlango unaodai mafuta. Mwalimu akafumba macho kidogo. Brashi aliteleza ukutani akakaa sakafuni, na kweli wakamruka.

Nyumbani alichanganya nyeupe, nyeusi na buluu siku nzima, akamchora yule mtoto kama alivyokuwa kabla hajalia. Mkewe alichungulia, akarudi nyuma. "Huyo amekufa?"

"Mzima. Ananyonya."

Mkuu wa chuo naye hakulipenda bango hilo. "Wajawazito wakiliona hili watakimbia."

"Halikai koridoni, linakaa darasani," mwalimu alisema. "Heri mwanafunzi aogope hapa kuliko kule."

Walivutana sana. Mwisho mkuu akakubali kwa sharti moja: Brashi achore la pili, mtoto yuleyule akiwa amepata hewa, na yatundikwe pamoja.

Yalikuwa yametundikwa wakati yule mama alipomleta mwanawe chanjo, akasikia habari zake, akamwomba Brashi amwonyeshe. Alisimama mbele ya lile la kwanza muda mrefu, hata Brashi akajuta kumwingiza.

"Kumbe ndivyo alivyokuwa."

"Ndivyo."

"Nawe ukaniambia habari za kifua tu."

"Ndicho kilichokuwa kinasogea, dada."

Akamkumbatia mtoto, akasogea kwenye bango la pili. Alilikagua kama mtu anayenunua kitambaa, kisha akagusa pembeni mwa kichwa kilichochorwa.

"Hapa umekosea, Fundi. Kachukua masikio ya baba yake. Ni makubwa kuliko haya."

Brashi akamtazama mtoto, akacheka, akaenda kuleta rangi.