Nilivyorudi Wodini Bila Masikio

Mola kanibakisha, basi nasema. Mimi Mwanaidi, mkazi wa Nguvumali. Kabla ya kuugua nilikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake katika hospitali moja hapa Tanga. Nilikuwa na mdomo mkali na miguu myepesi. Mgonjwa akiita mara moja, nimeshafika.

Kikohozi kilinianza mwezi wa Ramadhani. Nikakonda, jasho likalowesha godoro, mwisho nikatema damu kwenye kanga. Daktari akasema, "Kifua kikuu. Umekipata wodini." Nikachomwa sindano miezi mingi, mpaka matako yakawa magumu kama ubao. Masikio yakaanza kuvuma, ndiyo madhara ya sindano zile. Sikusema, niliogopa kuachishwa kazi. Kifua kikapona, masikio yakaziba moja kwa moja.

Niliporudi kazini nilificha. Kwa kuwa sikusikia mwito, nilizunguka kitanda kwa kitanda nikitazama nyuso, sikai. Miezi mitatu hakuna aliyejua. Kisha siku moja daktari mkuu akaniita kwa nyuma mara tatu, nisigeuke. Kesho yake nikapewa barua: asiyesikia hafai wodini. Nikaikunja, nikaenda nyumbani nikapika. Sikulia. Mume wangu Bakari ndiye aliyewaka. Nilimsoma midomo: "Ugonjwa wakupe wao, kisha wakufukuze? Twende kortini!"

Tukaenda. Wakili wa hospitali akauliza, mgonjwa akiita, huyu ataitikaje? Bakari alikuwa akinirudishia kila neno taratibu, uso kwa uso.

Akasimama shahidi wangu, Bi Rukia wa Mkwaja, aliyelazwa na jipu la koo katika miezi ile mitatu.

"Bwana hakimu, mie sikuwa na sauti ya kuita," akasema. "Wenye masikio walikaa mezani wakingoja kuitwa. N'kawa nakabwa pumzi. Huyu ndiye alonijia, akamkimbilia daktari."

Siku ya hukumu hakimu alisoma kainamia karatasi, midomo siioni. Bakari akanigeukia, machozi yanamtiririka. "Umerudishwa kazini!"

Nikamwuliza kama amefungia kuku.

Namshukuru Mungu, na Bi Rukia, na hata sindano zile, maana bila hizo ningekuwa kaburini. Nawe unayeumwa, maliza dawa, na masikio yakivuma sema siku hiyohiyo. Ukipona nusu, usikubali kuhesabiwa maiti, nenda ukadai. Watu huniuliza kama nilifurahi. Furaha bado naingoja. Kazi ninayo.